Hesabu za duka dogo kwenye simu: kuandika, kufunga siku na kujua faida

Kila ninapokaa na wenye maduka madogo, maswali ni yaleyale. "Nauza kila siku, mbona hela siioni?" "Nitajuaje kama kijana wa dukani ananiibia?" "Niweke programu gani?" Huu hapa mwongozo mmoja unaojibu yote matatu kwa kazi ya mikono. Umeandikwa kwa mwenye duka la rejareja Tanzania, lile tunaloliita kwa Mangi, lakini saluni, duka la vifaa vya ujenzi au mama lishe wanaweza kuufuata kwa kubadilisha majina tu.

Tutatumia Google Sheets kwa sababu ni ya bure, inafanya kazi kwenye simu janja ya kawaida na hata bila bando. Zipo programu nyingi za kulipia na baadhi ni nzuri sana. Ila asiyeweza kufunga hesabu ya siku kwenye jedwali hataweza kuifunga kwenye programu ya shilingi laki tatu pia.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Simu janja iliyo na programu ya Google Sheets.
- Akaunti ya barua pepe ya Gmail ya duka. Isiwe ya kijana wa dukani, wala ya shemeji aliyekufungulia simu.
- Laini ya simu ya biashara pekee, au Lipa Namba. Ukipokelea mauzo kwenye laini ileile unayotumiwa ada ya mtoto na michango ya harusi, hesabu ya simu haitakaa sawa hata siku moja.
- Daftari la kawaida na kalamu. Ndiyo, bado unalihitaji, na utaona kwa nini.
- Jioni moja tulivu ya kuhesabu mzigo wote ulio dukani.

Hatua ya 1: Linda akaunti kwanza

Fungua akaunti ya Gmail, weka nywila ambayo huitumii kwingine, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani anayeingia kwenye kifaa kipya aombwe msimbo zaidi ya nywila. Kwenye mipangilio hiyohiyo, chukua misimbo ya akiba. Iandike kwenye karatasi uiweke nyumbani, kwa sababu siku simu na laini vikiibiwa pamoja, karatasi hiyo ndiyo itakayokurudisha kwenye hesabu zako.

Hatua ya 2: Tengeneza faili na uweke tarehe sawa

Fungua faili jipya, lipe jina la duka na mwaka. Ingia kwenye mipangilio ya faili, sehemu ya nchi, uchague Uingereza. Faili likibaki kwenye mpangilio wa Marekani, 03/04 litasomwa kuwa tarehe 4 Machi badala ya tarehe 3 Aprili, na 25/03 halitasomwa kama tarehe kabisa. Kosa hili halionekani kwa macho. Utaligundua mwisho wa mwezi, jumla zikikataa.

Kisha weka faili lipatikane bila mtandao: kwenye orodha ya mafaili, gusa nukta tatu pembeni ya jina lake uwashe Available offline. Ukiandika bila bando, yatapanda yenyewe mtandao ukirudi.

Hatua ya 3: Jenga ukurasa wa "Siku"

Huu ndio moyo wa kazi yote. Uite ukurasa wa kwanza Siku, na kwenye mstari wa juu andika safu sita:

A: Tarehe
B: Aina
C: Maelezo
D: Njia
E: Imeingia
F: Imetoka

Safu ya B na ya D usiache watu waandike wapendavyo. Chagua safu nzima, gusa nukta tatu, ingia Data validation, kisha weka orodha ya kuchagua. Kwenye Aina weka: Mauzo, Malipo ya deni, Manunuzi, Kulipa mali kauli, Matumizi, Nimechukua, Mtaji, Kuhamisha. Kwenye Njia weka: Taslimu, Simu, Benki, Deni, Mali kauli. Ukiwa na mkopo wa VICOBA au wa benki, ongeza Mkopo na Rejesho kwenye Aina. Fedha ya mkopo si mauzo hata ikiingia kwenye droo ileile.

Mauzo ni chochote kilichotoka dukani kwenda kwa mteja, awe amelipa au hajalipa. Amelipa taslimu, Njia ni Taslimu. Amelipa kwa Lipa Namba, Njia ni Simu. Amekopa, Njia ni Deni, na kiasi bado unakiandika kwenye Imeingia. Siku atakapolipa, utaandika mstari mpya wenye Aina ya Malipo ya deni na Njia aliyolipia. Ukiandika tena Mauzo, utakuwa umeuza sukari ileile mara mbili.

Manunuzi ni mzigo wa kuuza tu. Ukichukua mali kauli kwa muuzaji wa jumla, yaani mzigo wa kulipia baadaye, andika Manunuzi na Njia iwe Mali kauli. Ukimlipa, andika Kulipa mali kauli.

Matumizi ni gharama za kuendesha duka: kodi ya fremu, LUKU, mshahara, mifuko, bodaboda ya kuleta mzigo, makato ya miamala. Makato yaandike hata yakiwa madogo, la sivyo salio la simu halitalingana na hesabu.

Nimechukua ni fedha au bidhaa uliyochukua wewe mwenye duka kwa ajili ya nyumbani. Unga wa ugali wa jioni umo humu. Andika bidhaa kwa mistari miwili: Mauzo, Imeingia, Taslimu kwa bei ya kununulia, kisha Nimechukua, Imetoka, Taslimu kwa kiasi hichohicho. Droo haitaguswa, lakini utaona ni kiasi gani nyumba inakula kutoka dukani. Wengi hawapendi hatua hii. Ni hatua inayowafungua macho kuliko zote.

Mtaji ni fedha unayoiongeza dukani kutoka mfukoni mwako. Kuhamisha ni pale unapotoa fedha kwenye droo na kwenda kuiweka kwenye simu kwa wakala, au kinyume chake. Hapo pia mistari miwili: Imetoka kwa Taslimu, Imeingia kwa Simu. Anayeanza huandika mstari mmoja tu, kisha hushangaa laki moja imepotelea wapi.

> Angalizo: Andika namba tupu. Ukiandika 5000/= au Tsh 5000 au 5k, jedwali litaiona kuwa ni maneno na halitaijumlisha. Ukiandika 5.000 kwa nukta, litaisoma kuwa ni tano.

Hatua ya 4: Andika mauzo yanapotokea, usiyakisie jioni

Duka la rejareja huuza vitu vidogo vingi: kiberiti, pipi, sukari ya robo. Hakuna anayeweza kufungua simu kwa kila pipi, na sitakudai hivyo. Daftari linaingia hapa. Kila mauzo yaandike kwenye daftari papo hapo. Vitu vya shilingi mia na mia mbili vipigie vijiti kwenye ukurasa wake, jioni uvijumlishe. Vikubwa viandike kimoja kimoja. Usiku unahamisha jumla kwenda kwenye ukurasa wa Siku: mstari mmoja wa mauzo ya taslimu, mmoja wa mauzo ya simu, na mstari wake kwa kila aliyekopa.

Njia ambayo sitaki uifuate ni ile ya kuhesabu droo jioni, kutoa fedha ya chenji ya asubuhi, na kuita kilichobaki "mauzo". Ni rahisi, na inaharibu kila kitu. Ukipata mauzo kutokana na droo, droo italingana na mauzo siku zote, hata kijana akiweka elfu kumi mfukoni kila siku.

Hatua ya 5: Ukurasa wa "Madeni"

Safu ni: Tarehe, Jina, Kiasi, Alicholipa, Baki, Siku ya ahadi. Kwenye Baki weka =C2-D2 uishushe chini. Mteja akikopa unaandika huku na kwenye Siku, akilipa vilevile.

Jumla ya Baki lazima ilingane na mauzo yote ya Deni ukitoa Malipo ya deni. Unaowadai tangu zamani, kabla ya kuanza mfumo huu, waweke kwenye ukurasa wao ili wasichanganyikane.

Orodha hii ni taarifa za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kubandika majina ya wadaiwa ukutani au kuyarusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kunakutafutia matatizo, na mdaiwa aliyeaibishwa huhamia duka la jirani na deni lako mkononi. Mpigie, mkumbushe faragha.

Hatua ya 6: Funga siku

Fungua ukurasa mpya, uite Kufunga. Safu zake:

A: Tarehe
B: Taslimu ya asubuhi
C: Inayotakiwa kuwepo
D: Iliyohesabiwa
E: Tofauti
F: Maelezo

Kwenye C2 weka fomula hii, yote kwenye mstari mmoja:

`=B2+SUMIFS(Siku!E:E,Siku!A:A,A2,Siku!D:D,"Taslimu")-SUMIFS(Siku!F:F,Siku!A:A,A2,Siku!D:D,"Taslimu")`

Kwenye E2 weka =D2-C2. Kwenye B3 weka =D2, maana taslimu ya kesho asubuhi ni ile uliyoihesabu leo usiku. Kisha shusha fomula chini.

Tuseme asubuhi ulikuwa na 50,000. Umeuza taslimu 186,000. Mteja mmoja amelipa deni 12,000. Umelipa bodaboda 4,000, umenunua soda za 72,000, na wewe umechukua 15,000 ya nyumbani. Inayotakiwa kuwepo ni 157,000. Hesabu droo, noti kwa noti. Ukikuta 152,000, Tofauti itasomeka -5,000.

Tofauti hiyo usiifiche. Usiongeze "matumizi mengine 5,000" ili pakae sifuri, wala usitoe fedha mfukoni kufidia. Iandike ilivyo, na kwenye Maelezo andika unachokikumbuka. Tofauti ndogo zinazopanda na kushuka ni chenji. Upungufu unaokuja kila mara mtu fulani akiwa zamu ni jambo la kukaa naye mkaongea, ukiwa na tarehe mkononi na si hisia.

Hesabu droo kabla hujaangalia safu ya C. Ukijua jibu mapema, mkono hulitafuta.

Fedha ukienda kulala nayo nyumbani bado ni taslimu ya duka. Ihesabu.

Kwa upande wa simu, nakili ukurasa wa Kufunga, uuite Kufunga Simu, na mahali palipoandikwa "Taslimu" kwenye fomula weka "Simu". Linganisha na salio halisi la Lipa Namba au laini ya biashara.

> Angalizo: Usihesabu malipo kwa kuangalia ujumbe kwenye simu ya mteja. Ujumbe wa kughushi upo, na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawajaacha kazi. Malipo ni yale yaliyofika kwenye simu yako na kuongeza salio. Na namba ya siri ya laini hiyo usimpe mfanyakazi hata ukisafiri. Kupokea malipo ya Lipa Namba hakuhitaji namba ya siri.

Hatua ya 7: Faida ya mwezi

Mauzo kutoa manunuzi si faida. Ukinunua mzigo mkubwa mwishoni mwa mwezi utaonekana umepata hasara, ukiacha kununua utaonekana tajiri. Lazima uhesabu mzigo: mara moja mwanzoni, kisha kila mwisho wa mwezi, kwa bei ya kununulia.

Ukurasa wa Mwezi, kwenye B1 weka tarehe ya kwanza, B2 tarehe ya mwisho. Mauzo:

`=SUMIFS(Siku!E:E,Siku!B:B,"Mauzo",Siku!A:A,">="&B1,Siku!A:A,"<="&B2)`

Kwa Manunuzi, Matumizi na Nimechukua, badilisha Siku!E:E ya mwanzo iwe Siku!F:F na uweke jina la Aina husika.

Tuchukue mfano. Mzigo wa mwanzo wa mwezi ulikuwa 2,400,000. Umenunua wa 1,900,000. Mwisho wa mwezi umehesabu, umebaki wa 2,150,000. Kwa hiyo mzigo uliotoka dukani uligharimu 2,400,000 + 1,900,000 - 2,150,000, yaani 2,150,000. Mauzo yalikuwa 2,780,000. Faida ghafi ni 630,000. Matumizi 310,000. Faida halisi ni 320,000.

Sasa angalia mstari wa Nimechukua. Kama ulichukua 400,000 kwenda nyumbani, umekula faida yote na juu yake 80,000 ya mtaji. Hakuna mwizi hapo, wala jini. Rafu zinazopungua polepole mwaka mzima mara nyingi zina jibu hili, na ndiyo maana nasisitiza unga wa ugali uandikwe. Jipangie mshahara ulio chini ya faida ya miezi iliyopita, uuchukue siku moja kwa mwezi au kwa wiki, basi.

Hatua ya 8: Mpe mfanyakazi nafasi yake

Akiwa na simu yake, mwalike kwa kitufe cha Share kwa barua pepe yake mwenyewe. Usimpe nywila yako. Ukipata kompyuta, funga kurasa za Kufunga na Mwezi kupitia Protect sheets and ranges ili yeye aandike kwenye Siku na Madeni tu. Mweleze tangu mwanzo kwamba hesabu inamlinda na yeye: siku droo ikipungua, rekodi itaonyesha hata yale yasiyo kosa lake.

Kuhusu kodi, kwa ufupi

Jedwali hili si risiti. Kama unatakiwa kutoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, toa. Ila kumbukumbu hizi ndizo utakazokwenda nazo TRA wakati wa makadirio, na mwenye namba zake huongea tofauti na anayekadiriwa kwa macho. Viwango hubadilika Bunge linapopitisha Sheria ya Fedha, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo viulize ofisini kwao na si kwa jirani. Risiti za manunuzi zipige picha siku unayozipata, maana karatasi yake hufifia, na hifadhi kumbukumbu zote kwa miaka mitano.

Mambo yakikwama

*Jumla inasoma sifuri au ndogo kuliko inavyopaswa.* Angalia namba zilivyokaa kwenye kisanduku. Namba halisi hukaa kulia, maneno hukaa kushoto. Iliyokaa kushoto ifute na uiandike upya bila "/=". Tarehe nazo zipime hivyohivyo.

*Fomula inaleta #ERROR!.* Mara nyingi alama za nukuu zimepinda kwa sababu ulinakili kutoka kwenye ujumbe. Zifute, uziandike kwa kibodi ya simu zikiwa zimenyooka. Angalia pia kama mabano uliyofungua umeyafunga.

*Fomula inafanya kazi lakini siku moja imekosa mauzo.* Kuna mtu ameandika "cash" au "Tasilimu" badala ya kuchagua kwenye orodha. Rudi kwenye Data validation na uchague kukataa kisichomo.

*Mstari wa juzi umefutika.* Usiandike upya kwa kukumbuka. Fungua faili kwenye kompyuta, ingia Version history, utaona nani alibadilisha nini na lini, na unaweza kurudisha.

*Umeruka siku tatu bila kuandika.* Usibuni mauzo. Hesabu droo na salio la simu leo, anza upya na hiyo kama taslimu ya asubuhi, na kwenye Maelezo andika tarehe zilizokosekana. Mwezi huo faida utaipata kwa makisio, unaofuata utakaa sawa.

*Faida ipo kwenye jedwali lakini droo haina kitu.* Fungua Madeni, kisha linganisha mzigo wa mwanzo na wa mwisho wa mwezi. Kama madeni yamepanda, faida yako iko kwa wateja. Simamisha mikopo mipya hadi nusu irudi. Kama mzigo umepanda, iko kwenye rafu. Tafuta bidhaa ambayo haijaguswa miezi miwili, iuze hata kwa bei uliyonunulia, na usiiagize tena.

*Simu imeibiwa.* Ingia kwenye akaunti ya Google kwa simu nyingine ukitumia msimbo wa akiba, iondoe simu iliyopotea kwenye orodha ya vifaa, kisha badilisha nywila. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako wafunge laini mara moja, halafu nenda dukani kwao na kitambulisho cha NIDA kuirudisha. Jedwali utalikuta lilivyokuwa mara ya mwisho simu ilipopata mtandao. Yaliyoandikwa baada ya hapo yachukue kwenye daftari.